Vyumba mnajenga bila pa kuweka vitu, halafu mnalalamika korido imejaa

Ndugu Mhariri,

Naomba kakona kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mzee mmoja aliyeandika hivi karibuni kwamba wapangaji wa siku hizi, hasa sie wa huku Mtwara, tunageuza nyumba za watu kuwa magodauni, korido imejaa ndoo, uani majiko, dirishani viatu, akamalizia kwamba mtu akishindwa kukaa na vitu vyake chumbani basi apunguze vitu au ahame. Nimesoma nikacheka, alafu nikakasirika kidogo, mana mimi kazi yangu ni useremala na mwenyewe nimepanga hapa Magomeni, kwahiyo hili jambo naliona pande zote mbili, kutwa naingia vyumba vya watu na futi kamba yangu kupima, na jioni narudi kwenye chumba changu ambacho ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kabati huku na friji kule.

Mzee wangu shikamoo kwanza, sikuja kwa shari. Ila swali ninalo. Kwenye hivyo vyumba vyako mpangaji umemuwekea wapi pa kuweka kitu? Sio pa kulala, pa kuweka. Vyumba vingi vya kupangisha hapa mjini ni futi kumi kwa kumi, ukibahatika kumi kwa kumi na mbili, kuta nne, mlango, dirisha la nondo, taa moja katikati na soketi moja ambayo mara zote iko nyuma ya pale kitanda kitakapokaa. Basi. Hakuna rafu, hakuna kabati la ukutani, hakuna hata msumari wa kutundika kalenda, na kabla hujalipa dalali anakunong'oneza kabisa, hapa mama mwenye nyumba misumari hataki. Kodi miezi sita mkononi. Sasa kitanda cha tano kwa sita peke yake kinakula futi za mraba 30 kati ya zile 100, hapo hujaweka ndoo za maji mana bomba halitoki kila siku, hujaweka mtungi wa gesi, kabati la nguo, meza ya tivii, dumu la mafuta ya kula, na mtoto naye anataka sehemu ya kuburuza gari lake la kopo. Vitu visitoke korido vikae wapi, mzee?

Wazee wetu wa pwani hawakujenga hivi, na ndo kinachoniuma zaidi. Anayebisha aende Songo Mnara huko Kilwa, mkoa wa Lindi, yale magofu ambayo pamoja na Kilwa Kisiwani UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, akaangalie kuta za zile nyumba za mawe, vidaka vimo mpaka leo, mtu karne nyingi nyuma alikuwa anajenga ukuta na hapo hapo anauachia tundu la kuweka taa, chombo, kitabu. Na usidhani yalikuwa mambo ya matajiri tu, hata nyumba zetu za udongo na makuti huko vijijini zilikuwa na uchaga juu ya mafiga, mahindi yanakaa kule moshi unayapiga wadudu hawasogei, na kulikuwa na susu, ile ya kamba inaning'inia kwenye boriti, bibi anaweka chungu cha mchuzi paka anabaki kuangalia kwa macho. Nyumba ya chumba kimoja na bado kila kitu kilikuwa na pa kwenda, na kikubwa ni kwamba kilikwenda juu. Leo tuna tofali la saruji, bati la rangi na vigae chini, ila vitu vyote vimelala sakafuni.

Mi nahisi hii tabia ilishika kasi enzi za gesi. Wenyeji mnakumbuka, kuanzia 2012 na 2013 pale habari za gesi asilia ya Mtwara zilipopamba moto, wageni wakaingia mji huu na kodi zikapaa, kila mwenye kiwanja akakimbilia kuinua vyumba vya fasta fasta, mwingine kakata sebule yake vipande viwili kwa ukuta wa tofali la inchi tano, ilimradi namba ya vyumba iongezeke. Stoo ndo ikawa ya kwanza kufa. Kwenye ramani ya zamani ya nyumba ya Kiswahili kulikuwa na kachumba uani kanaitwa stoo, mkaa humo, jembe humo, mikeka ya wageni humo, leo ukipita uani hako kachumba kana pazia na kuna mtu analala, na kodi analipa.

Nirudi kwenye misumari, mana hapo sitaki kuwa muongo, wenye nyumba mna hoja. Tofali zetu nyingi za huku mchanga ni mwingi kuliko saruji, ukipiga msumari wa zege plasta inadondoka kipande kizima kama kiganja cha mkono, na mpangaji akihama anaacha ukuta una matundu kila mahali, nimeitwa mara nyingi kuziba. Ila kukataza msumari bila kutoa mbadala sio suluhisho, mtu atapiga tu usiku ukiwa umelala. Kama unaogopa ukuta wako basi mruhusu atoboe kwa drili na kutia plagi, zile za plastiki za ukutani, na skrubu, sehemu mbili au tatu mnazokubaliana, tundu lake dogo na siku akihama linazibwa na kiraka cha saruji nyeupe kwa dakika chache. Au fanya wewe mwenyewe kabla hujapangisha, weka ubao mmoja tu wa kuzunguka kuta mbili juu ya usawa wa mlango, hapo hujaharibu hata inchi moja ya sakafu.

Hapo juu ya mlango ndo nataka watu wapaangalie. Chumba cha kawaida kutoka sakafuni mpaka darini ni futi tisa, vingine kumi. Sisi vitu vyetu vinaishia futi sita, urefu wa kabati. Hizo futi tatu za juu, chumba kizima kuzunguka, tunalipia kodi na wanaishi buibui. Rafu ya upana wa futi moja na nusu kwenye ukuta wa futi kumi ni futi za mraba 15, yaani nusu ya kitanda chako, kuta mbili umepata kitanda kizima, na hakuna anayejikwaa.

Kwa ambaye mwenye nyumba wake hataki hata kusikia drili, kuna stendi ya kusimama yenyewe. Juzi kati nilimfungia dada mmoja Chikongola, anauza vitenge na pia ni mtu wa shughuli, mnawajua wale wamama ambao kila kikundi wamo, sasa zawadi za vyombo zimejaa mpaka kitandani, mahotpoti bado yako kwenye maboksi yake, majagi, masinia, sufuria kubwa kubwa za kupikia pilau, na kwenye korido alikuwa na maboksi manne ambayo jirani yake, kijana wa bodaboda, kila usiku akirudi anayapiga teke. Wameshapelekana mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya hotpoti. Nikamwambia dada, tusianze na mbao, tuanze na kupima kitanda. Kitanda chake kilikuwa chini mno, hata ndala hazipiti vizuri. Tukakiinua kwa tofali za inchi sita, mbili mbili kila mguu zimelazwa kwa ubapa na kipande cha ubao katikati mguu usiteleze, uvungu ukafika futi moja na kitu. Piga hesabu, futi tano kwa sita kwa moja ni futi za ujazo 30, hiyo ni karibu madebe 40 ya nafasi ambayo jana yake haikuwepo, hata kama kona nyingine huzifikii. Hapo chini tukasukuma vile vitu ambavyo anavitumia mara moja kwa mwaka, masinia na sufuria, sufuria zimeingizwa moja ndani ya nyingine na mifuniko imesimamishwa ubavuni, ukilaza mifuniko juu ya sufuria zinakula nafasi mara mbili.

Alafu ndo stendi. Nguzo nne za mbili kwa mbili urefu futi nane, mbao za moja kwa nane nimelaza mbili mbili kila rafu, hiyo inakupa kina cha inchi 16 na inatosha, ukizidisha hapo vitu vya nyuma utavisahau mpaka siku ya kuhama. Sikupiga msumari, nimefunga kwa bolti na nati ili siku ya kuondoka aifungue afunge kamba mzigo mmoja uingie kwenye kirikuu. Nyuma kuna ubao wa mshazari, usipouweka stendi inacheza ukigusa. Na kwa vile kuna watoto wa jirani wanaoingia ingia, juu nimeifunga kwa waya kwenye nondo za dirisha, kitu kirefu hivyo lazima kishikwe na kitu, mtoto akipanda kisimlalie. Rafu ya chini nimeianzia juu kidogo, futi mbili toka sakafuni, ndoo za maji zikaingia chini yake. Vizito chini, vyepesi juu, hili watu wanalijua ila hawalifanyi, unakuta mtu kaweka blenda na pasi juu ya kabati na chini kajaza mito. Vitenge vyake vya biashara vikapanda rafu ya kati usawa wa macho mana hivyo anavishika kila siku. Korido ikabaki tupu. Yule kijana wa bodaboda kaja kuniuliza bei.

Wapangaji wenzangu na nyie sasa, msidhani barua hii ni ya kuwatetea tu. Mtu kapanga chumba na sebule, sebule yenyewe tisa kwa kumi, anaingiza sofa za watu saba na meza ya kioo na shokesi, wageni wenyewe wakija wanakaa kibarazani mana ndani kuna joto. Kila nikitengeneza sofa ninapata hela, sawa, ila nikiulizwa nasema ukweli, kwa nyumba ya kupanga nunua kitu kinachofunguka na chenye kazi mbili. Benchi lenye mfuniko, ndani unaweka mashuka na juu mtu anakaa. Kitanda chenye droo, au kama watoto ni wawili kitanda cha deka. Godoro la wageni usilizungushie chumba, liweke chini ya godoro lako mwenyewe, unalala juu zaidi kidogo basi, wakija ndugu mwezi wa sita au wa kumi na mbili shule zikifungwa na ngoma za jando na unyago zimeanza unalivuta. Mikeka kunja, simamisha nyuma ya mlango. Begi dogo liingie ndani ya begi kubwa, mbona rahisi.

Na jamani yale makabati ya mbao za unga zilizogandishwa, yale yanayokuja kwenye boksi yanang'aa, kwa hali ya hewa ya huku Mtwara na Lindi sikushauri. Unyevu wa bahari na ile miezi ya mvua kuanzia wa kumi na mbili mpaka wa nne, halafu mtu anapiga deki kwa ndoo ya maji, miguu ya kabati inavimba kama andazi, mlango haufungi tena, na kulitengeneza haliwezekani mana skrubu haishiki kwenye unga ulioloa. Kama ulishalinunua basi liinue juu ya vipande vya tofali au vigae, na lisigusane na ukuta, acha shubiri moja hewa ipite. Kabati lililobanwa ukutani hapa pwani nyuma yake ni ukungu, sogeza lako leo uangalie. Nguo za sherehe pia, mtu anazifungia kwenye begi zikiwa na jasho au bado zina unyevu wa kufuliwa, anasukuma uvunguni, akizitoa zina madoa meusi na harufu. Anika jua kali kwanza, ziache zipoe, ndo ufunge. Na begi likae juu ya ubao au chaga, lisilale kwenye sakafu, mana sakafu nyingi hizi zina nyufa na mchwa wa kwetu hawapigi hodi, boksi la vyeti vya shule linaweza kuliwa kwa chini na juu bado linaonekana zima. Vyeti na hati weka kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, rafu ya juu. Ila dawa za hospitali usizipeleke juu kabisa kama chumba chako hakina dari, chini ya bati mchana ni tanuri na nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi joto 30.

Chakula nacho kinachukua nafasi kuliko tunavyokubali, mana sisi wengi ni watu wa mjini mguu mmoja, mwingine upo Newala, Nanyamba, Nachingwea. Ukitoka kijijini huwezi kurudi mikono mitupu, mama atakupakia makopa, mbaazi, karanga, kiroba cha unga wa mtama, na ukifika chumbani kiroba unakiegemeza pembeni ya kitanda na panya wa mtaa mzima wanapewa taarifa. Kwa mbaazi na mahindi ile mifuko ya kinga njaa inafaa sana, ina mifuko miwili ya nailoni ndani na wa nje wa kiroba, unakausha nafaka vizuri, unajaza, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake kwa nguvu, wadudu wanakosa hewa wanakufa bila dawa, ila panya akiutoboa kazi imeisha kwahiyo uweke juu ya kitu na mbali na ukuta. Kwa kiasi kidogo pipa la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha linatosha, na juu ya pipa unaweka trei ya vikombe, tayari una kimeza.

Korosho sizungumzii sana. Korosho ghafi si kitu cha kulaza chumbani, peleka AMCOS yako, chama cha ushirika cha wakulima, iingie ghalani, mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho tunao tangu 2007 na magunia yana pa kwenda. Ukikaa nayo geto yanakula nafasi, yanavuta unyevu, na majirani watakuita kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima kwa magendo, na waliokuwepo mwaka 2018 wanajua kangomba walivyosakwa.

Kinachonitisha ni salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Hili naliandika kwa wakulima wenzangu tunaoishi mjini na mashamba yako huko nje. Kuanzia mwezi wa sita hivi tunapulizia mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na mifuko ya salfa ikishagawiwa tunaileta nyumbani mana shambani itaibiwa. Nimeingia chumba kimoja kupima kitanda cha watoto, nainama kuangalia uvungu nakuta mifuko mitatu ya salfa mmoja umepasuka, unga wa njano umesambaa sakafuni na mtoto wa miaka mitatu hivi anauchezea, macho mekundu, anajikuna. Baba mtu ananiambia eti anaumwa macho yale ya msimu. Salfa inawasha macho na kifua, na inashika moto, ikiungua ule moshi wake unakaba. Haina kazi uvunguni. Isikae chumba kimoja na watu wala na chakula, na isikae kabisa karibu na mafiga au mkaa. Kama nyumba nzima kuna wakulima wawili watatu, ongeeni na mwenye nyumba mjenge kibanda kidogo uani cha mabanzi na bati kuukuu chenye kufuli, chini paleti mifuko isinyonye maji. Gharama mkigawana haifiki hela ya kumpeleka mtoto hospitali.

Mtungi wa gesi ni vilevile. Watu wanauficha kwenye kabati la chini au uvunguni ili chumba kipendeze. Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inatulia chini, uvunguni hasa, inasubiri mtu awashe kiberiti. Mtungi ukae wima, karibu na mlango au dirisha, na usibanwe na nguo. Hapa namuunga mkono yule mzee wa barua kwenye jambo moja, korido. Korido ya nyumba ya vyumba sita au nane ndo njia pekee ya kutokea, moto ukishika usiku na umeme umekatika watu watajikwaa kwenye majiko na baiskeli, hata Zimamoto wakipigiwa ile 114 hawawezi kufika kabla yako wewe kufika mlangoni. Korido iwe wazi. Ila iwe wazi kwa sababu vitu vina pa kwenda ndani, sio kwa matangazo ya makaratasi yaliyobandikwa na utepe ukutani, mana tumeyasoma na kwa kweli hayabebi ndoo.

Kwahiyo wazee wenye nyumba, hasa ambao bado mko kwenye msingi, hesabu yangu ya kifundi ni hii. Wakati fundi wa tofali anapandisha ukuta mwambie aache kidaka kimoja kila chumba, futi mbili kwa futi tatu, kwenye ukuta mnene, na juu yake apitishe kijilinta kidogo cha zege cha kubeba tofali za juu, unaokoa hata tofali kadhaa. Nyuma ya mlango weka ubao wenye kulabu umekazwa kwa plagi. Juu ya mlango ubao wa inchi 16. Soketi peleka ukuta wa mlangoni sio nyuma ya kitanda. Hakuna kitu hapo cha kukufilisi, na chumba chenye rafu mpangaji anakiona tofauti na cha jirani siku hiyo hiyo dalali anapomzungusha, na akiingia hahami ovyo mana kashajipanga.

Na kwa nyumba ambazo zimeshajengwa, malizeni kwenye mkataba. Ugomvi mkubwa ninaokutana nao ni siku ya kuhama, mpangaji anataka kung'oa rafu aliyoigharamia, mwenye nyumba anasema kilichogusa ukuta wangu ni changu, mimi fundi naitwa niwe shahidi wa mbao nilizouza. Mstari mmoja tu unatosha, kwamba kitu gani mpangaji ataweka, nani kanunua, akiondoka anachukua au anaacha kwa kukatwa kwenye kodi, na matundu atayaziba nani. Wangu mimi niliuongeza kwa kalamu chini kabisa ya karatasi ya dalali, mama mwenye nyumba akausoma mara mbili, akauliza kama na yeye naweza kumtengenezea rafu ya jikoni kwa bei ya mpangaji, akasaini, na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri.

Fundi seremala na mpangaji,
Magomeni, Mtwara